Nilisimama Mahali pa Maiti



Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii tungeendelea na mada ya uchumba. Naomba mnivumilie, itasubiri. Mdogo wangu ameniuliza swali, na kiukweli kwa siku kadhaa sikulala vizuri.

Yuko mwaka wa kwanza wa udaktari hapa hapa Dodoma. Jumanne usiku, kwenye saa tano hivi, akanitumia ujumbe wa sauti. Nikajua ni hela ya kula kama kawaida. Kumbe siku hiyo ndiyo walianza kupasua. Akanisimulia ile dawa ya kuhifadhia maiti inavyochoma macho, meza za chuma zilizopangwa kwa namba, wanafunzi wanane kwa mwili mmoja, na yeye kapangiwa mkono wa kulia, meza namba tatu. Kuna mwenzao mmoja akampa yule marehemu jina la utani, wengine wakacheka ili wasionekane waoga. Na yeye alicheka. Mwisho wa ujumbe sauti ikashuka: "Kaka, hivi yule mtu alikubali? Na kama hakukubali, mimi nafanya nini pale? Wewe si ndo umesoma falsafa."

Nimesoma kweli. Miaka mitatu, na shahada ninayo, mama kaiweka kwenye fremu sebuleni. Nikamjibu, "Nitakupigia kesho." Kesho yake sikupiga.

Sikupiga kwa sababu swali lake lilinirudisha mahali ambapo nilikuwa sijapasimulia kwa mtu. Mwaka 2025 nilibahatika kuwa miongoni mwa vijana waliokwenda Roma kwenye Jubilei ya Vijana. Baada ya Roma kikundi chetu kikapanda treni kwenda Padua, maana ukirudi Dodoma ukasema ulifika Italia bila kumsalimia Mtakatifu Antoni, akina mama wa jumuiya hawatakuelewa. Tulipomaliza basilika tukabakiwa na nusu siku, na padre aliyetuongoza akatupeleka chuo kikuu, kwenye jengo linaloitwa Palazzo Bo. Chuo hicho kilianza mwaka 1222, Mtakatifu Antoni akiwa bado hai. Galileo alifundisha pale. Ipo pia sanamu ya Elena Cornaro Piscopia, mwanamke aliyepata udaktari wa falsafa pale mwaka 1678, tunavyofahamu wa kwanza duniani. Nikampigia saluti kimoyomoyo, ni mtu wa fani yetu.

Halafu tukaingizwa kwenye thieta.

Sisi tukisikia thieta tunawaza chumba cha upasuaji hospitalini. Hii ilikuwa thieta ya watazamaji, ila kilichotazamwa kilikuwa maiti. Ilijengwa mwaka 1595 wakati wa profesa Girolamo Fabrici, na ndiyo ya kudumu ya zamani zaidi kati ya zilizobaki duniani. Waza uko ndani ya faneli kubwa ya kumiminia mafuta, iliyobanwa kidogo ubavuni. Safu sita za mbao zinapanda kuizunguka, moja juu ya nyingine, kila moja na ukingo wake wa kuchongwa. Wanafunzi hawakukaa, walisimama wamebanana, zaidi ya mia mbili, kwa mwanga wa mishumaa. Somo lilifanyika majira ya baridi ili mwili usiharibike haraka (kwa joto letu la Novemba hapa wangeshindwa siku ya kwanza). William Harvey, Mwingereza aliyekuja kueleza jinsi damu inavyozunguka mwilini, alihitimu pale mwaka 1602. Thieta hiyo iliendelea kutumika mpaka mwaka 1872.

Wageni hawapandi kule juu. Unaingilia chini, kupitia chumba ambacho mwili ulikuwa unatayarishwa, chumba wanachokiita jikoni, na sitanii. Ukifika katikati unakuta umesimama palepale ilipokuwa meza. Unainua macho. Duara juu ya duara, ukingo juu ya ukingo, na unajua kwamba kwenye kila ukingo kulikuwa na nyuso zinatazama chini, zinakutazama wewe. Mwenzangu mmoja wa kutoka Singida alikuwa anapiga picha za kurusha. Mimi nilishindwa. Nilijikuta nimekunja mikono kifuani kama mtu anayeona aibu ya kuwa uchi.

Nikamwuliza mwongozaji wetu: hawa waliolazwa hapa walikuwa akina nani? Akasema ni wahalifu walionyongwa. Na kanuni za vyuo vya Italia enzi hizo zilipendelea awe mgeni, mtu wa kutoka mbali. Nikauliza kwa nini wa mbali, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Wa karibu ana mama yake pale mjini.

Ukitoka pale kuna ukumbi wa tiba, na ndani yake kabati la kioo lenye mafuvu ya vichwa. Inaelezwa kwamba ni ya maprofesa wa chuo hicho walioitoa miili yao kwa ajili ya masomo. Sasa nisaidieni kuwaza. Jengo moja, hatua chache tu. Upande huu watu wenye majina waliosema "nichukueni". Upande ule watu wasio na majina, waliochukuliwa. Kwa macho, fuvu ni fuvu. Kisu kinakata vilevile. Tofauti iko wapi?

Jibu langu la kwanza lilitoka kwa mtakatifu, na nilifurahi sana kulipata. Mnamfahamu Fransisko wa Sales, Mwalimu wa Kanisa, yule ambaye Don Bosco aliwapa Wasalesiani jina lake, hawa hawa tulionao Dodoma. Kijana Fransisko alisoma sheria Padua, akitokea nyumbani kwao Savoia. Akiwa na miaka 23 hivi akaugua vibaya, wote wakajua anakufa. Mlezi wake akamwuliza azikweje. Akasema mwili wake wapewe wanafunzi wa udaktari. Alikuwa anajua kwamba wale wanafunzi walikuwa wakiiba maiti makaburini, na ndugu wa marehemu wakiwakuta inakuwa vita, watu wanaumia. Akaona basi, angalau mimi niliyeshindwa kuwafaa watu nikiwa hai niwafae nikiwa maiti, na ugomvi mmoja upungue. Akapona, akawa padre, akawa askofu. Ile thieta ya mbao ilikuja kujengwa miaka michache baada ya yeye kuhitimu.

Kwa hiyo nilipompigia mdogo wangu Alhamisi nilikuwa na hotuba tayari. Nikamwambia: tofauti ni kutoa na kutwaliwa. Bwana mwenyewe katika Yohane sura ya 10 anakataa kwamba uhai wake unanyang'anywa, anautoa. Na kila siku altareni tunasikia habari ya mwili unaotolewa, hatusikii habari ya mwili uliokamatwa. Nikampa na mfano wa upande wa pili, ambao anaujua kwa sababu tulikwenda pamoja na vijana wa parokia: Kalenga.

Kwa ambao hamjafika, ukitoka Dodoma unapita Mtera, unapanda hadi Iringa, kisha mwendo mfupi tu. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891. Wakaibomoa ngome yake Kalenga mwaka 1894, wakamwinda miaka minne, na Julai 1898, amezingirwa, akajipiga risasi. Wakamkata kichwa. Kichwa kikaenda Ujerumani. Zama zile mafuvu ya Waafrika yalikuwa yanakusanywa kwa mamia, yanapimwa upana na urefu, yanapewa namba, na yote hayo yakiitwa sayansi. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na ukoo wake mpaka leo unakitafuta kichwa chake. Fuvu la Mkwawa likawa jambo la dunia nzima: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una kifungu kinachoitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi Juni 1954, likaletwa na Gavana Twining, nalo sasa liko ndani ya kioo pale Kalenga. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kichwa huku, mwili kule.

"Unaona?" nikamwambia mdogo wangu. "Thieta haina lazima iwe na mbao. Ukishamfanya mtu kitu cha kutazamwa bila yeye kutaka, umemweka mezani."

Akakaa kimya kidogo. Nikajua nimeshinda. Halafu akasema: "Sawa Frateri." (Akiniita Frateri ujue kuna shambulio linakuja.) "Na ule ulimi?"

Nilimwonyesha picha mwenyewe, kosa langu. Kwenye basilika ya Padua, dakika chache kwa miguu kutoka thieta, kuna ulimi wa Mtakatifu Antoni. Alifariki mwaka 1231, na kaburi lilipofunguliwa mwaka 1263 ulimi ulikutwa haujaoza. Uko kwenye chombo cha dhahabu, watu wanapanga foleni kuuona. Mimi mwenyewe nilipanga. "Sasa kaka," akasema, "Mtakatifu Antoni alisaini wapi?"

Wapendwa, hapo ndipo hotuba yangu ilipoishia. Maana ni kweli. Hakuna aliyemwuliza. Ridhaa peke yake haitoshi kueleza kwa nini mbele ya meza ya Padua nilikunja mikono kwa aibu, na mbele ya ulimi wa Antoni, saa mbili kabla, nilipiga magoti kwa furaha.

Nikarudi kwenye daftari zangu za mwaka wa pili. Mtakatifu Thoma wa Akwino ni mkali kuhusu maiti. Roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Ikiondoka, hata jicho la maiti tunaliita jicho kwa jina tu. Ukisoma hapo ukasimama, unaweza kumwambia mwanafunzi wa udaktari: kata tu ndugu yangu, hapo hamna mtu. Na wapo wanaosema hivyo, tena kwa nia njema, ili mikono iache kutetemeka. Lakini Thoma huyohuyo, anapouliza kama tuheshimu masalia ya watakatifu, anajibu ndiyo, na mojawapo ya sababu zake ni rahisi mpaka inashangaza: tunayempenda, tunapenda na alichokiacha, na huu mwili ndio utakaounganishwa tena na roho yake. Anakubali kwamba maiti si yuleyule mtu kamili. Ila ni wa mtu. Una mwenyewe, ametoka, atarudi. Ndiyo maana kwenye Kanuni ya Imani hatuishii kwenye roho kwenda mbinguni, tunaungama na ufufuko wa mwili.

Hilo likanisaidia kuuona ulimi wa Antoni upya. Umelala katikati ya watu wanaomjua, wanaomwita kwa jina na kumwomba awatafutie funguo zilizopotea. Yuko kwao. Hata Kalenga nilipaona upya. Kioo kile ni kioo kama cha makumbusho ya Ulaya, na mfupa ni uleule, lakini mwaka 1954 kitu kilibadilika kwa sababu ulirudi kwa watu wanaosema "huyu ni wetu". Na hapa kuna jambo ambalo nimelitafakari sana. Twining alilichagua fuvu lile kati ya mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo, na wapo wanaotilia shaka kama kweli ni la Mkwawa. Wenzangu huwa wanalitaja hili kama aibu. Mimi najiuliza: kama si lake, basi ni la Mwafrika fulani aliyeokotwa na kupewa namba, asiyejulikana hata na Mungu wa wapimaji wale, na leo anaheshimiwa kama mfalme. Kuna mtu alidaiwa kwa makosa. Sidhani kama mbinguni wamekasirika.

Sasa turudi meza namba tatu, maana mdogo wangu hakuniuliza habari za Mkwawa.

Katika nchi nyingi za Afrika miili inayotumika vyuoni ni ile ambayo haikudaiwa. Mtu alifia hospitali au barabarani, mochwari wakasubiri, hakuna aliyekuja. Hakukubali. Hakukataa pia. Hakuulizwa. Na siwezi kumdanganya mdogo wangu kwamba hiyo ni sawa na Fransisko wa Sales, eti kwa kuwa mwisho wa siku faida ni ileile. Siyo sawa. Ukiangalia vizuri, mgeni aliyenyongwa Padua na huyu wetu wana sifa moja: mtu asiye na mtu. Miaka zaidi ya mia nne, elimu ya tiba imekuwa inalipiwa na maskini, na wao wamelipa bila kuambiwa bei.

Je, aache? Nilijiuliza hivyo kwa uzito. Mwaka jana mama alifanyiwa upasuaji wa uzazi, na aliyeshika kisu alikuwa anajua mshipa wa damu unapita wapi kwa sababu kuna mtu alilala mbele yake akiwa mwanafunzi. Kanisa nalo halikatazi. Katekisimu namba 2301 inakubali mwili kupasuliwa kwa uchunguzi wa kisheria au wa kisayansi, na inasifu utoaji wa viungo kwa hiari baada ya kifo. Namba inayotangulia inadai heshima na upendo kwa miili ya wafu kwa ajili ya ufufuko, na kuwazika wafu inakuwa tendo la huruma. Kwa hiyo nilimwambia abaki. Lakini abaki kama mtu aliyekopa, siyo kama aliyenunua. Mkopaji hacheki mbele ya anayemdai. Asipige picha. Lile jina la utani afe nalo. Mwisho wa mwaka aulize hawa watu wanazikwa wapi, na akapate kuwepo. Tobiti alihatarisha maisha yake Ninawi akizika Waisraeli wenzake waliotupwa, na aliacha chakula mezani kwa ajili ya mmoja wao.

Kuhusu mimi mwenyewe, kuna jambo halijaisha. Kama tatizo ni kwamba meza zinajazwa na wasio na watu, dawa iliyo wazi ni sisi wenye watu tujitoe. Siku ile Padua niliwaza hivyo, na Ijumaa iliyopita nikaona niandike barua niiweke kwa mkuu wangu: nikifa, mwili wangu uende chuoni, kisha mabaki yazikwe. Nikaona kwanza nimjulishe mama, yuko kijijini Bahi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama akikusikiliza mpaka mwisho ujue hali ni mbaya. Kisha akasema, "Mwanangu, na mimi udongo nitautupia wapi?"

Nikamweleza habari za Fransisko wa Sales. Akauliza kama mama yake Fransisko aliulizwa. Nikasema sijui. Nikamwambia, "Mama, mwili wangu nilishautoa kwa Kanisa." Akajibu, "Kanisa lina makaburi."

Vijana, nimesoma hoja nyingi za uhuru wa mtu juu ya mwili wake. Hakuna hata moja iliyonipa la kumjibu. Kwetu Ugogo mtu hazikwi na nafsi yake, anazikwa na ukoo, na kama mwili wa marehemu ni wa wale wanaompenda, kama nilivyojidai kueleza hapo juu kuhusu ulimi wa Antoni, basi mama ana sauti kwenye barua yangu, tena sauti kubwa kuliko yangu. Lakini pia nikinyamaza kwa ajili ya machozi yake, kesho mezani analala mtoto wa mama mwingine ambaye hajui hata kwamba mwanawe amekufa. Nilimwambia hilo pia. Hakujibu. Alisema vocha inaisha, na mimi ndiye niliyepiga. Barua iko ndani ya Breviari, haijasainiwa.

Mdogo wangu yeye amenitangulia. Jumatatu kabla ya kuanza aliwaomba wenzake wa meza wasimame dakika moja kimya. Kundi lina Waislamu wawili, Mlutheri na Mwanglikana, wote wakakubali, hata yule mwenye utani, ambaye baadaye alikiri kwamba usiku huwa anaota ile mikono. Jana akaenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa ya marehemu. Katibu akachukua daftari, akauliza jina la marehemu. Akasema hana jina. Katibu akamwambia, kaka, hapa lazima niandike kitu, padre atasoma nini? Akaeleza habari yote, ya chuo, ya meza namba tatu, ya mkono wa kulia. Anasema yule dada alishika kalamu muda mrefu akimtazama. Halafu akamwuliza jina lake yeye, akaandika: "Marehemu, ndugu yake na," kisha jina la mdogo wangu, na mbele yake shilingi elfu tano, imelipwa.

Misa ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama anakuja na basi la Bahi.